Saa inahesabu mkono: tuliyoyaona kwa hatua za Mama

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, na magoti yanamsumbua. Tunaishi naye Ngamiani, hapa Tanga. Kliniki walimwambia atembee angalau nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, ndizo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linawahimiza watu wazima wazifikishe. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Muscat, aliposikia hivyo akampa saa janja mtu aliyekuwa anarudi likizo amletee Mama. Naandika haya kwa sababu wazee wengi siku hizi wanavalishwa saa hizi na watoto wao, na yaliyotupata sisi yanaweza kuwa yanatokea nyumba nyingine bila mtu kujua chanzo ni nini.

Niliiunganisha saa na simu yangu, maana Mama anatumia kitochi. Nikajaza umri wake, urefu na uzito, kisha nikamwingiza kaka kwenye programu ili awe anaziona hatua za Mama kule aliko. Lengo la siku lilikuja limeshawekwa: hatua 10,000. Tukaliacha hivyohivyo.

Mama si mtu wa kukaa. Asubuhi anakwenda Soko la Mgandini, anazunguka kwa wauza samaki, anapita kwenye mboga, anarudi na kikapu. Jioni kuna mgonjwa wa kumjulia hali, au msiba, au shoga yake wa barabara za juu. Usiku tukiangalia saa: hatua 2,100. Siku nyingine 1,800. Kaka anapiga simu.

"Shikamoo Mama. Mbona leo hukutembea?"

"Marahaba mwanangu. Nimetembea, nimekwenda mpaka sokoni."

"Mama, mimi naona hapa."

Lile "naona hapa" lilimuumiza Mama kuliko alivyokuwa tayari kusema. Amezaa, amelea, amefunga na kuswali maisha yake yote, halafu mwanawe wa kwanza anaamini kioo kuliko neno lake. Na kaka naye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Yuko mbali, ana hofu, baba alituondoka kwa maradhi hayahaya, na ile namba ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho mkononi kila usiku.

Mama hakubishana naye. Akawa baada ya isha, sisi tukishaingia vyumbani, anatembea sebuleni ukuta hadi ukuta, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, akipunga mkono kama alivyoona namba inavyopenda. Goti la kulia likavimba. Ikabidi aswali akiwa amekaa kwenye kiti, na pesa iliyowekwa kwa ajili ya vipimo vya sukari vya mwezi ule ikaishia kwenye dawa za maumivu na nauli za bajaji kwenda hospitali. Daktari aliuliza amefanya kazi gani nzito. Mama akanyamaza. Mimi ndiye niliyemweleza daktari habari ya saa, na hapo ndipo nilipoamua kuichunguza saa yenyewe, nimwache Mama apumzike.

Kilichonifumbua macho ni nazi. Goti lilipoanza kupata nafuu, Mama alikaa jikoni akikuna nazi za wali. Amekaa kwenye mbuzi, miguu ameikunja upande, haisogei. Mikono miwili imeshika kifuu, inashuka na kupanda kwenye meno ya mbuzi kwa mdundo mmoja, anakizungusha kifuu kidogo, anaendelea. Saa iko mkono wa kushoto, kamba imelowa tui. Nilikuwa nimeiangalia kabla hajaanza, ilikuwa kwenye mia sita na kitu. Alipomaliza nazi ya pili ilikuwa imepita elfu moja. Hatua kama mia nne, na unyayo haujainuka sakafuni. Nikamwita mdogo wangu aje aone. Yeye ni dereva wa bodaboda na ana saa yake ya bei rahisi. Akasema ya kwake humpa hatua elfu kadhaa siku ambayo ameshinda juu ya pikipiki, hasa akibeba abiria kwenye zile njia za vumbi zenye mashimo. Alikuwa anadhani ndivyo inavyotakiwa.

Basi nikaanza kusoma. Ndani ya saa hizi kuna kihisi kinachoitwa akselerometa, kinachopima mabadiliko ya mwendo katika pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mguu hakiujui. Kinachokifikia ni mtikisiko wa kifundo cha mkono. Mtu akitembea kawaida, mikono inapunga na mwili unapanda na kushuka kidogo kila unyayo unapogusa ardhi, na vilele vya mtikisiko huo vinafuatana kwa mpangilio, mara nyingi vikikaribia viwili kwa sekunde. Programu ya saa inatafuta mpangilio huo. Vilele vikiwa na nguvu ya kutosha na vikifuatana vizuri, inaviita hatua. Vikiwa dhaifu au vimeachana sana, inavitupa. Saa nyingi pia hazianzi kuhesabu mpaka zimeona hatua kadhaa mfululizo, ili usipewe hatua kwa kujikuna tu. Kwa hiyo anayetembea chumbani, hatua nne kwenda kabatini, hatua tano kurudi, anaweza kufanya hivyo mchana kutwa na asipate chochote.

Nikamtazama Mama anavyotembea. Polepole kwa sababu ya goti. Mkono mmoja una kikapu. Mwingine uko ndani ya kanga, umeshika pindo kifuani. Mkono wenye saa haupungi hata siku moja. Kila kitu ambacho saa inakihitaji ili iamini kwamba mtu anatembea, Mama hana. Na kila kazi ya nyumbani inayofuata mdundo, yaani kukuna nazi, kusonga ugali, kufua kwa mikono, kupepeta mchele, saa inaipa hatua. Kwa kina mama wa kwetu kosa linatokea pande zote mbili, tena siku moja hiyohiyo.

Nilitaka kupima kwa mkono wangu. Nyumbani kuna ile tasbihi ya kidijitali ya kuvaa kidoleni, unayobonyeza na inaandika idadi. Mama alikataa ile yake isitumike kuhesabia hatua, ni ya nyiradi, nikanunua nyingine kwa shilingi elfu chache. Njia yenyewe ni rahisi: unaandika namba iliyopo kwenye saa, unatembea huku unabonyeza kila unyayo unapogusa chini mpaka 500, unasimama, unasubiri kidogo kwa sababu saa nyingine zinachelewa kuonyesha, kisha unalinganisha. Usihesabu kwa mdomo, utapotea ukikutana na mtu wa kusalimiana naye.

Mimi nikitembea mwendo wa kawaida, mkono uko huru, saa ileile ilinipa karibu 490. Nikasema kumbe nzima. Nikashika kikapu kwa mkono wenye saa, ikashuka mpaka karibu 300. Nikamfuata Mama kwa mwendo wake, mkono ndani ya kanga: hatua 500 kwenye tasbihi, chini ya 200 kwenye saa. Tukarudia siku nyingine na barabara nyingine, haikuwa tofauti sana. Maana yake ile siku saa iliyosema 1,800, Mama huenda alipiga hatua mara mbili ya hizo au zaidi, na kaka akamwambia hakutembea.

Kabla ya kufika hapo nilikuwa nimeshapoteza pesa. Fundi simu mmoja aliniambia saa imeharibika kihisi, akachukua elfu kumi "kuiflashi", ikarudi vilevile na taarifa zote za Mama zimefutika. Muuzaji mwingine akanionyesha saa ya laki tatu na nusu akiniapia kwamba hiyo haikosei. Namshukuru mdogo wangu aliyenizuia. Bei kubwa inaweza kukupa kioo kizuri, GPS (ile ya kujua mahali ulipo kwa setilaiti) na betri inayokaa, lakini saa yoyote ya kifundoni inategemea mkono. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha kipimo walichokifanya kwa watu wazima 14 wenye afya, waliotembea kwenye mashine ya mazoezi hatua 500 na hatua 1,500 huku wamevaa vifaa na wamebeba simu. Programu za simu zilikosea kwa asilimia chache juu au chini. Kati ya vifaa vya kuvaa, kimoja kilipunguza zaidi ya asilimia 22. Na hao ni wazima, wanatembea mwendo mzuri juu ya mashine, mikono mitupu. Mtie hapo mama wa miaka sitini na kitu mwenye kikapu.

Yako mambo ya mipangilio ambayo yanasaidia kiasi, na hayana gharama. Saa nyingi zinauliza umeivaa mkono upi na mkono upi unautumia zaidi. Ya Mama ilikuwa inaamini iko mkono wa kulia, wakati iko kushoto. Ukiiambia kwamba iko mkono unaotumika sana, baadhi ya saa hupunguza wepesi wa kuhesabu ili kazi za mikono zisiingie, kwa hiyo jibu sahihi lina maana. Kaza kamba isicheze, ila isibane. Urefu wa hatua nao upo kwenye mipangilio, lakini huo unabadilisha umbali katika kilomita, haubadilishi idadi ya hatua, na watu wengi huuhangaikia bure. Ukitaka kuuweka sawa, pima kwa futi kamba ya fundi ujenzi, mita 30, tembea kawaida, gawanya kwa hatua ulizopiga. Kwa saa zenye GPS, au zinazotumia ya simu, kutembea nje kama dakika 20 mahali pa wazi kunazisaidia kujirekebisha. Sisi tulifanya hayo yote. Kwangu mimi hesabu ilikaribia ukweli zaidi, kwa Mama ilisogea kidogo tu.

Kilichobadilisha hesabu ni kuihamisha saa. Nilijaribu kuivaa kwenye kifundo cha mguu juu ya soksi, na kwa mwendo wa Mama ikatoa zaidi ya 470 kati ya 500. Hapo mtikisiko unatoka kwenye mguu wenyewe, na hata mwendo wa polepole unaonekana. Nilifurahi nikadhani tumemaliza. Nilipomweleza muuguzi wa kliniki, akanikatalia kabisa. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia miguuni, kamba ikambana au ikamchubua asijue, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari si jambo la kuchezea. Kwa mtu asiye na kisukari wala matatizo ya damu miguuni, mguuni ni mahali pazuri. Kwa Mama hapana. Naliweka wazi hili kwa sababu nimesikia watu wakipeana ushauri wa kuvaa mguuni bila kuuliza mvaaji anaumwa nini.

Mama mwenyewe ndiye aliyepata ufumbuzi. Akaivua kamba, akaifunga saa kwenye pindo la kanga kiunoni, anapofunga pesa za sokoni, akalikaza fundo. Tukapima na tasbihi: zaidi ya 440 kati ya 500. Na akikaa kukuna nazi, haihesabu karibu chochote. Kiunoni mapigo ya moyo hayapimwi, kile kitaa cha kijani cha nyuma ya saa kinachoyapima kinahitaji kugusa ngozi, lakini sisi tulikuwa hatuyahitaji. Mwanaume anaweza kuiweka mfuko wa mbele wa suruali, ule wa kubana, usioyumba.

Nikarudi kwenye ile 10,000 iliyomvimbisha Mama goti. Namba hiyo haikutoka kwa daktari. Ilianzia Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua cha kuvaa kiunoni na kukitangaza kwa hatua elfu kumi. Ikawavutia watu, ikaenea, na leo imekaa ndani ya saa kama sheria. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72. Waliokuwa wakitembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea karibu 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka mpaka kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Nilipousoma nilimpigia kaka simu hapohapo. Lakini soma na hili: wanawake wale walivaa kifaa kiunoni. Namba zao huwezi kuzilinganisha moja kwa moja na namba ya saa ya mkononi, na hasa mkono uliofichwa ndani ya kanga.

Mazungumzo na kaka hayakuwa mepesi. Mwanzoni aliona namtetea Mama. Nikampigia simu ya video, Mama kwenye mbuzi, saa mkononi, nikamwonyesha namba inavyopanda mtu amekaa. Kisha nikamwonyesha tasbihi na saa baada ya kurudi sokoni. Alinyamaza muda, halafu akaomba apewe Mama. Sikukaa kusikiliza walichoongea. Baadaye alijitoa mwenyewe kwenye kuona hatua za kila siku, tukakubaliana nimtumie muhtasari wa wiki nzima.

Sasa hivi tunahesabu dakika. Kutoka mlangoni kwetu mpaka msikitini na kurudi ni karibu dakika 15 kwa mwendo wa Mama, na anakwenda baada ya chakula, kwa sababu kutembea kidogo baada ya kula kunasaidia sukari isipande sana. Anafanya hivyo mara mbili kwa siku. Kipimo cha kasi ni pumzi yake: aweze kuongea na mjukuu anayemsindikiza, lakini asiweze kuimba kaswida. Akiweza kuimba, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kuongea, apunguze. Akirudi, mjukuu anaandika dakika kwenye daftari lilelile tunaloandika sukari ya asubuhi, na daktari analisoma daftari lile kwa hamu kuliko alivyowahi kuisoma programu. Kila jioni tunazikagua nyayo na katikati ya vidole.

Saa hatukuitupa. Tuliangalia kwa wiki mbili, iko kwenye pindo, Mama akiishi kama kawaida yake, tukapata wastani wake mwenyewe, karibu 4,000. Lengo tukaliweka 4,500, goti likiruhusu tutaongeza. Tunalinganisha wiki na wiki, saa ikiwa mahali palepale, kwa sababu saa inayokosea kwa namna ileile kila siku bado inaweza kukuonyesha kama unapanda au unashuka. Ukiihamisha leo mkononi kesho kiunoni, hata hilo unalipoteza. Na zile kelele zake za "simama, tembea" nimezizima zote.

Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimeshuka, ingawa daktari alimwongezea na dawa kipindi hichohicho, kwa hiyo siwezi kusema ni kutembea peke yake.

Kwa mlio mbali na wazazi wenu na mnaangalia hatua zao kwenye simu: kabla hujapiga kulalamika, muulize anatembeaje. Ameshika nini? Ana fimbo? Anamsukuma mtoto kwenye kigari? Anaswali akiwa amekaa? Mwombe aliye naye karibu afanye kile kipimo cha hatua 500 mara mbili tatu. Haichukui hata robo saa, na itakuambia namba unayoiona usiku ina thamani gani. Kaka alitaka kutuma saa nyingine mpya, nikamwambia atume raba, namba 39, pana mbele zisimbane vidole, maana muda wote huo Mama alikuwa anatembea na kandambili.